Risasi Fupi na Risasi Ndefu

Mume wangu alikuwa mtu wa kuchagua. Akienda kununua tikiti maji atayagonga yote, muuzaji atanuna, halafu atarudi kwenye lile la kwanza. Kwa hiyo siku aliponiambia kwamba anatafuta risasi za kumpigia paa, nilijua nyumba yetu haitakuwa na mazungumzo mengine kwa muda. Sikukosea.

Tulikuwa tunakaa Ibra, mwishoni mwa miaka ya sabini, katika nyumba ya udongo ya ukoo wa baba yake. Ilikuwa na mlango mkubwa wa mbele ambao haukufungwa mchana kutwa, na mlango mdogo wa nyuma uliotokea kwa mtoto wa ami yake. Mume wangu alizaliwa Tabora, mimi Unguja, tukaoana Dar es Salaam, na Oman tulifika wote kama wageni ingawa kila mtu alituambia tumerudi kwetu. Mimi nilisomesha skuli ya wasichana, yeye alipata kazi idara ya barabara. Tulikuwa na mama yake ndani ya nyumba, na habari hii ni yake hasa, hata kama muda mwingi alikuwa kitandani.

Bastola alipewa na ami yake wiki ile tuliyofika. Mzee alisema mwanamume haendi harusini mikono mitupu, na bunduki zote za ukoo zilikuwa zimeshapata wenyewe, kilichobaki ni hiyo bastola ya zamani, yenye kigurudumu cha kuzunguka cha kutilia risasi. Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili. Akaiweka juu ya kabati la nguo, na kwa miaka kadhaa kazi yake ilikuwa kupakwa mafuta siku za Ijumaa. Mimi sikuipenda. Nikifuta vumbi nilifuta pembeni yake nikaiacha na vumbi lake.

Halafu mama mkwe akaanza kukataa chakula. Alianza na mkate, akafuata wali, mwisho hata chai aliionja tu kwa heshima. Tulimpeleka hospitali Maskati wakampima, wakamrudisha na dawa ya maji ya rangi ya waridi, wakamwambia mume wangu pembeni kwamba mgonjwa ale chochote ambacho nafsi yake inakitaka. Yeye alielewa maana ya maneno hayo na mimi nilielewa, na hatukuambiana.

Tatizo ni kwamba nafsi yake haikutaka kitu. Nilimpikia kila nilichokijua, na mimi jikoni si haba. Alikuwa akikitazama chakula, akinitazama mimi, akisema, "Mwanangu, umejitaabisha bure."

Asubuhi moja nilikuwa nimemshikia kikombe cha uji, akasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Ninachokitamani mimi ni nyama ya swala. Kama ile ya kwetu Tabora. Ikaangwe kwanza, halafu itiwe karanga."

Mimi husema paa, wao wa bara husema swala, na kwa jambo hilo tulikuwa tukitaniana siku zote. Siku hiyo sikumtania mtu. Nilikimbia mpaka nje nikamwambia mume wangu, naye akageuka akautazama ukuta mpaka macho yakamkauka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mama yake kutamka jina la chakula.

Paa walikuwapo. Kuwinda kulikuwa bado hakujakatazwa kwetu, na watu wa Mintirib, pale mchanga mkubwa unapoanzia, walikuwa wakiwaona alfajiri wakila majani ya mighafu, miti ya kule jangwani. Mtoto wa ami yake alikuwa na pikapu na bunduki nzuri, na alisema atakwenda kesho yake na jioni tutakula. Kwa watu wengine mambo yangekwishia hapo. Lakini mama mkwe alikuwa na sharti lake.

Nyumba nzima tulilijua. Mama hali mnyama wa porini ila aliyekutwa hai akachinjwa kwa kisu. Mume wangu alilelewa nalo. Alinisimulia mara nyingi jinsi baba yake alivyokuwa akitoka na wawindaji wake katika misitu ya Tabora, na yeye mtoto akifuata na kisu kiunoni. Bunduki ikilia anakimbia kuliko wote, miiba haioni. Akimkuta mnyama anapumua atachinjwa, na nyama itakwenda nyumbani kwa mama. Akimkuta amekufa, basi ni ya wawindaji, yeye atarudi mikono mitupu na mama atapika maharage.

Hapa Ibra hakuna aliyekuwa na ugumu huo. Ukipiga bismillahi ukafyatua, mnyama akafa kwa risasi yako, ni halali. Ami yake alisema hivyo, imamu wa msikiti wao alisema hivyo, na hata mimi chuoni kwetu Unguja nilifundishwa hivyo. Mume wangu naye alijua.

"Najua ni halali," aliniambia. "Lakini mama yangu hali."

Basi bunduki ya binamu yake ikakataliwa. Bunduki humpiga mnyama akiwa mbali, na mpaka uvuke mawe na mchanga ufike alipo, roho imeshatoka. Bastola inakulazimisha usogee, ukipiga uko karibu, na kisu kitawahi. Ndiyo sababu ile bastola ikateremshwa kutoka juu ya kabati. Nilimsikiliza nikaona ana hoja, na jambo hilo liliniudhi kidogo, maana nilikuwa nimejitayarisha kubisha.

Ikabaki kuchagua risasi. Bastola ile, kwa bahati yetu mbaya, ilikubali za aina mbili. Unene wake mmoja, lakini moja fupi na moja ndefu. Ndefu ina baruti nyingi zaidi na ncha yake ni laini, ikiingia mwilini inafunguka. Fupi ina kichwa cha mviringo na nguvu za wastani. Maneno haya sikuyatafuta, niliyasikia asubuhi na jioni mpaka yakaniingia. Ukimpiga paa kwa ndefu, alisema, ni mnyama mdogo, hatafika hata kuanguka, atakufa amesimama. Kwa fupi atalala chini, atakuwa na pumzi, na utamchinja. Halafu baada ya chai anageuza: lakini je, fupi ikiwa dhaifu mno? Baada ya chakula cha mchana anarudi alipoanza.

Ijumaa tulikwenda Nizwa kuzinunua. Sokoni kule, karibu na mnada wa mbuzi, wanaume walikuwa wakikaa na bunduki zao za kale magotini, wengine wakiuza, wengine wakijionyesha tu. Mimi nilibaki garini, kioo nimekishusha, na nilisikia kila kitu. Muuzaji alimuuliza risasi ni za nini. Mume wangu akasema za paa. Yule bwana akamsukumia boksi la ndefu bila kufikiri. Mume wangu akaliacha, akaulizia fupi.

"Kwa hizo utamkimbiza mpaka jangwa liishe," alisema muuzaji.

"Nataka nimkute hai."

Muuzaji alimtazama, akanitazama mimi garini kana kwamba mimi ndiye niliyemtia ujinga huo, akamwonyesha kule kwenye mnada. "Ukitaka nyama iliyo hai, mbuzi wale pale."

Watu wakacheka. Mume wangu alinunua maboksi yote mawili, akarudi garini amenuna. Nilikula tende njia nzima.

Baada ya hapo akafanya majaribio. Tulikwenda wadini, bonde la mto mkavu nje ya mji, yeye na bastola yake na mimi na thamosi ya chai, tukapanga makopo ya maziwa ya unga tuliyoyajaza mchanga wa maji. Alipofyatua ndefu nilitia vidole masikioni na bado mlio uliniingia mpaka tumboni. Kopo liliruka, na upande wa nyuma ulikuwa umechanika vipande kama jani la mgomba siku ya upepo. Akapiga fupi. Kopo lilitikisika tu, likawa na tundu dogo mbele na nyuma halina kitu. Alichimba mchanga kwa vidole akaitoa risasi, haizidi kokwa ya tende, akaja nayo kiganjani huku anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu tutoke hospitali.

"Hii ndiyo," alisema. "Hii itamlaza tu."

"Kopo halikimbii, bwana."

"Nini?"

"Nasema kopo halikimbii."

"Kwenu Unguja mnawinda panya," alisema. "Niachie mimi."

Nikamwachia. Lakini hata hapo hakutulia. Siku moja alizitia kwa zamu, fupi moja ndefu moja, akasema ya kwanza ikishindwa ya pili itamaliza. Kesho yake akaogopa kwamba akikosea kuhesabu ataanza na ndefu na kumuua. Mama yake ndani alikuwa akipungua, na mwanawe ukumbini anazungusha kigurudumu. Wahenga walisema mkamia maji hayanywi, na nilikuwa na hamu kubwa ya kumwambia, nikajizuia. Nilimwambia tu kwamba paa hawatamngojea na mama pia. Asubuhi akazitoa ndefu zote, akazitia ndani ya kopo la biskuti, akalifunga. Bastola akaijaza fupi tupu.

Mama hakuambiwa lolote katika haya. Alijua mwanawe anakwenda kuwinda, basi. Mambo ya risasi hayakuwa ya kupelekwa kwa mgonjwa.

Waliondoka Alhamisi baada ya sala ya alfajiri, yeye na binamu yake. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na wote wawili, mara nyingi, na pale wanapohitilafiana mimi hufuata ya binamu, kwa sababu yeye hakuwa na mama wa kumridhisha.

Walimkuta paa dume peke yake, chini ya mghafu, nje kidogo ya Mintirib. Binamu alikaa kwenye pikapu, bunduki magotini, ameshakatazwa asiiguse. Mume wangu alikwenda kwa tumbo, kisha kwa magoti, akajibanza nyuma ya kichaka, akasogea tena, mpaka binamu akaanza kuamini kwamba atamshika kwa mkono. Akapiga bismillahi kwa sauti, hata binamu akaisikia kule aliko, akafyatua. Paa akaanguka kwa magoti ya mbele. Mume wangu akachomoa kisu akakimbia, na kwa hatua chache hizo binamu anasema hajapata kuona mtu mwenye furaha vile. Halafu paa akainuka akaenda.

Mume wangu alipiga tena huku anakimbia na hakupata kitu. Binamu akainua bunduki, angeweza kumwangusha pale pale, na mume wangu akageuka akampigia kelele asipige. Wakafuata damu kwa miguu. Mwanzo ilikuwa juu ya changarawe, tone hapa, tone kule. Ilipofika kwenye mchanga ikawa inazama na ikabidi wainame. Jua likapanda. Ukanda wa kiatu kimoja ukakatika, akakitupa, akaendelea na mguu mmoja mtupu juu ya miiba ya misamri, migunga ya kule. Binamu alitaka warudi wachukue gari, yeye akazidi kwenda.

Walimkuta chini ya msamri, amelala amenyoosha shingo. Alikuwa na joto bado. Mume wangu alipiga magoti akamwelekeza kibla, akapitisha kisu, na damu haikuruka. Ilitoka polepole, nzito, kama inayotoka kwenye nyama na si kwenye mnyama. Akakaa chini.

"Sammet?" binamu alimuuliza, yaani ulipiga bismillahi?

"Nilipiga. Uliisikia."

"Khalas, basi. Halali. Tumpakie."

"Mchukue wewe. Mama yangu hali."

Binamu alijaribu kwa upole, halafu kwa ukali. Mwishowe alimbeba paa mwenyewe mabegani mpaka garini, na mume wangu akafuata nyuma na kiatu kimoja.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa ameamka mapema kuliko siku zote. Aliniomba nimwekee mito akae. Aliniamuru nikaange karanga nizitwange, zikae tayari, na kila mara aliuliza kama nimezitwanga laini. Zilikuwa ndani ya bakuli, nimezifunika kwa kitambaa, adhuhuri mume wangu alipoingia peke yake.

Alimwamkia mama yake, akauinamia mkono wake akaubusu.

"Umempata?" mama aliuliza.

"Nimempata, mama. Lakini sikumuwahi. Kisu kimemkuta amekwisha."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilimwona mama anafungua mdomo. Alikuwa na neno, lilikuwa limefika mdomoni kabisa. Halafu macho yake yakashuka kwenye kanzu ya mwanawe iliyojaa mchanga na damu, yakafika kwenye mguu ule uliochanika, yakakaa hapo. Akafunga mdomo.

"Umefanya vyema, mwanangu," alisema. "Mungu akupe radhi. Kaoshe mguu huo."

Mume wangu alioga, akafunga mguu, akalala kidogo bila kulala. Alasiri ilipoadhiniwa akanivuta pembeni. Kwa desturi za pale mwenye mawindo hali peke yake, sahani huzunguka nyumba za jirani na jamaa, na sisi tulikuwa jirani na jamaa.

"Wataleta sahani," alisema. "Pokea, usiwavunje moyo. Lakini usimpe mama. Akiuliza harufu, mwambie mbuzi."

Akaenda msikitini akichechemea. Hakufika mbali, mke wa binamu akabisha mlango mdogo na sahani iliyofunikwa. Nyama ilikuwa imekaangwa kwa mafuta yake, na ndimu kavu na pilipili manga, na ilikuwa inanukia nyumba nzima. Nilishukuru, nikaiweka jikoni, nikaifunika mara ya pili.

"Bibie," mama aliita kutoka chumbani. "Jirani wameleta nini?"

"Mbuzi, mama."

Alicheka. Ulikuwa mcheko mdogo wenye kikohozi, lakini ulikuwa mcheko. "Mwili ndio umeoza, mwanangu. Pua bado nzima. Ilete."

Nilikwenda bila sahani. Nikamwambia kweli, kwamba mwanawe amenikataza.

"Na mimi nakuamuru. Nani mkubwa?"

"Mama, lakini wewe huli. Sharti lako tunalijua sote."

Alinionyesha nikae kitandani. Akaniambia, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache, kwamba wale wawindaji wa mumewe kule Tabora walikuwa watu wazuri sana, waaminifu, lakini hawakuwa Waislamu. Bwana anatoka nao watano sita, bunduki zinalia, mnyama anaanguka, nani atajua aliyepiga ni nani, na kama jina la Mungu limetajwa au halikutajwa? Na mtoto mdogo utamwelezaje yote hayo, bila ya yeye kwenda kuwatangazia wenyewe kwamba mama kawakataa?

"Nikamwambia, sisi hatuli ila kilichochinjwa hai. Mtoto akionyeshwa kisu anaelewa. Ilikuwa Tabora, bibie. Leo kapiga mwanangu mwenyewe, kwa mkono wake, na bismillahi nimemfundisha mimi. Nikiikataa nyama hii nitakuwa naikataa kwa nini?"

Nikainuka kwenda jikoni, akaniita nyuma.

"Kwani alimpigia nini, hata amkimbize mpaka mguu uchanike?"

Hapo ningeweza kusema sijui, mambo ya wanaume. Nikamweleza. Nikamwambia habari ya risasi fupi na ndefu, na makopo, na safari ya Nizwa, na kwamba alichagua ile dhaifu kusudi kwa ajili ya kisu chake yeye. Alifumba macho na nilidhani amechoka.

"Basi usimwambie kwamba nimekula," alisema. "Akijua nimekula atajua kwamba ile nyingine ingefaa. Atajua amemtesa mnyama yule bure, na miguu yake bure, kwa neno la utotoni. Mwache aone amenitii."

Nikaapa. Nikaleta sahani, na bakuli la karanga bila kuambiwa. Nilizikoroga karanga kwa maji ya moto na mafuta ya nyama, nikamchagulia pande dogo nikalichovya. Alilitafuna kwa muda mrefu. Akataka jingine. La tatu lilikuwa na mfupa, akauchukua kwa mkono wake mwenyewe akaunyonya mpaka ukawa mweupe, jasho limemtoka juu ya mdomo, na mimi nimekaa pale nimeshika sahani na nalia kwa furaha bila kujificha. Iliyobaki niliila mimi, kwa sababu aliniamuru, na kwa sababu ilikuwa tamu.

Sahani hairudi tupu, nikaitia tende nikaipeleka. Niliporudi mume wangu alikuwa ameingia.

"Wameleta?"

"Wameleta."

"Umeifanya nini?"

"Imekwisha."

Alinitazama, na nikaona anafikiri nini, na sikuweza kumkatalia. Niliyekuwa na mafuta kwenye vidole ni mimi.

Mama mkwe alifariki msimu ule ule wa baridi. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Mume wangu alibeba jeneza mguu ukiwa umeshapona, na watu walimsifu kwa uvumilivu, hakutoa chozi.

Lakini hadithi ya paa hakuiacha. Aliisimulia kwa wageni miaka kadhaa, na kila mara ilikuwa na mwisho wa aina mbili. Akiwa amefurahi alisema kwamba, alhamdulillahi, hakumtia mama yake kinywani kitu asichokitaka. Akiwa na huzuni alisema mama alikufa na hamu yake. Na katika hali zote mbili aliongeza, akinionyesha kwa kidevu, "Aliyefaidi ni huyu." Wageni wanacheka. Mimi namimina kahawa. Mwanzo niliona ni utani, nikauchukua. Baadaye niliuchukia. Ingetosha neno moja kujisafisha na kumwondolea ile huzuni, na neno hilo hilo lingemwondolea alichokuwa akijivunia. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeapa, na tena nilikuwa namwonea huruma, ingawa hakustahili kila siku.

Kuwinda paa kukaja kukatazwa. Kwake halikuwa jambo, maana tangu siku ile hakuinua bastola hata kwa kupigia kopo. Katika miaka ya themanini tukajenga nyumba ya matofali upande wa pili wa mji, na tukawa tunahama. Mimi nilikuwa nafunga vyombo kwa magazeti, yeye anateremsha vitu vya juu ya kabati. Alishusha kopo la biskuti, akalitikisa, likalia. Akalifungua. Risasi ndefu zilikuwa zinang'aa kama tulivyozitoa Nizwa.

Alichukua moja akaigeuzageuza. Nilingoja aseme juu yangu na sahani, kwa mazoea. Hakusema.

"Unajua," alisema, "nimelifikiri sana jambo hili. Ningempiga kwa hii, angekufa palepale na mama asingekula. Nimempiga kwa ile, kafa njiani na mama hakula. Hakukuwa na risasi ya kufaa. Nilikuwa nachagua kitu ambacho hakipo."

Alisema bila uchungu, akiendelea kuitazama ile risasi, na hilo ndilo lililonishinda. Angelia ningenyamaza.

"Mama alikula," nikasema.

Hakugeuka. "Alikula nini?"

"Ile sahani. Ulipokwenda kusali alasiri. Aliitaka mwenyewe."

Nikamweleza yote, wawindaji wa Tabora na mtoto na kisu, na kiapo nilichoapa, huku nimeshika kikombe kilichofungwa nusu. Nilikuwa tayari anikemee. Nilikuwa na majibu, miaka mingi nilikuwa nayameza. Yeye alikuwa ameisimamisha ile risasi juu ya kiganja chake.

"Kwa hiyo hizi zingefaa," alisema.

"Zingefaa."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa njia na fundi mwenzake. Akairudisha ndani ya kopo, akakifunga kifuniko, akakibonyeza pande zote mpaka kikakaa. Nilidhani yamekwisha, nikachukua gazeti jingine.

"Kwa karanga?" aliuliza.

"Kwa karanga. Nilizikoroga mimi. Na mfupa aliunyonya mpaka ukawa mweupe."

Akakaa chini juu ya godoro lililofungwa kamba, kopo likiwa mapajani, akamlilia mama yake kwa sauti. Nikaweka kikombe nikaenda kufunga mlango wa mbele, ule usiofungwa mchana, kwa sababu watu wa gari la kuhamisha walikuwa wanakaribia kuingia.